Simu ya Mezani Iliyonyamaza Baada ya Kuhama Kampuni ya Intaneti

Miongoni mwa mashaka yanayomfika mtu aliyehama kampuni ya intaneti, ni machache yanayomtatiza kama hili: kila kitu nyumbani mwake kinakwenda, barua zinaingia, picha zinafunguka, watoto wanatazama vipindi vyao bila kukwama, ilhali simu ya mezani, ile iliyochomekwa katika kijisanduku cha adapta na iliyokuwa ikilia kwa miaka bila taabu, imenyamaza, au, jambo lenye kuchosha zaidi, inalia lakini anayepokea hasikii neno, au inasikika nusu dakika kisha inakatika. Mwenye nyumba huiuliza kampuni mpya ya intaneti, akajibiwa kwamba laini yake ni nzima. Huiuliza kampuni ya simu, akajibiwa kwamba akaunti yake ni nzima. Na majibu yote mawili aghalabu huwa ya kweli, kwa sababu ubovu hauko katika laini wala katika akaunti bali katika pale viwili hivyo vinapokutana, na mahali hapo hapana kampuni inayopaangalia. Hata hivyo ubovu wa namna hii una tabia njema moja, nayo ni kwamba kila aina yake huja na dalili yake, na mtu akiisikiliza dalili kabla ya kugusa kitufe chochote, atajua aanzie wapi.

Yafaa kwanza ijulikane adapta hufanya nini. Simu ya mezani ya kale haijui ila umeme unaopanda na kushuka pamoja na sauti ya msemaji. Adapta huipima sauti hiyo mara 8,000 katika kila sekunde, ikakiandika kila kipimo kwa biti 8, zikapatikana biti 64,000 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kanuni iitwayo G.711 iliyowekwa tangu mwaka 1972, nayo ingali ikitumika mpaka leo katika sehemu kubwa ya simu za dunia. Mkondo huo hukatwa vipande 50 kwa kila sekunde, na kila kipande hutiwa katika pakiti yenye anwani ya kwendako. Lakini kabla sauti haijasafiri, yapo mazungumzo mengine yanayotangulia, yasiyosikika na mwanadamu, baina ya adapta na seva ya kampuni ya simu: adapta hujiandikisha kwa jina na nywila, ikasema kwamba namba fulani inapatikana kwenye anwani fulani, na mtu akipiga au akipigiwa, maagizo ya kulia, kupokea na kukata hupita kwa itifaki iitwayo SIP, ambayo sura yake inayotumika sasa ilichapishwa mwezi wa Juni 2002. Msomaji na alishike jambo hili kwa nguvu, maana nusu ya maarifa ya kutengeneza adapta imo ndani yake: maagizo hupita njia moja, na sauti hupita njia nyingine. Ndiyo sababu simu yaweza kulia vizuri kabisa, ikapokewa vizuri kabisa, na pasisikike kitu.

Sasa mtu ahamapo kampuni ya intaneti, vitu kadhaa hubadilika kwa pamoja bila yeye kuambiwa. Hubadilika anwani ambayo dunia humwona nayo. Hubadilika ruta, yaani lango la nyumba, pamoja na tabia zake zote. Hubadilika seva zinazotafsiri majina kuwa anwani. Na mara nyingine hubadilika hata idadi ya malango, yakawa mawili au matatu pale palipokuwa na moja. Adapta yenyewe haikubadilika, na kwa hiyo mtu afanyaye haraka ya kuirudisha katika hali ya kiwandani hufuta jina, nywila na mipango yote iliyokuwa sahihi, akajiongezea msiba wa pili juu ya wa kwanza. Nasihi yangu ni kwamba kitufe kile kidogo cha kufutia kiachwe mpaka njia nyingine zote zimekwisha, na kabla ya kukigusa kurasa zote za mipango ya adapta zipigwe picha.

Swali la kwanza kabisa si la ufundi, bali ni la milki: namba hii ya simu ni ya nani? Ikiwa namba ilitolewa na kampuni ile ile ya intaneti iliyoachwa, basi aghalabu imekufa pamoja na mkataba, na hakuna ruta itakayoifufua. Ilipasa kuhamishwa kwanza, na mkataba wa zamani usivunjwe mpaka uhamisho utimie. Ikiwa adapta ilitolewa na kampuni hiyo, yamkini imefungwa kwa kufuli ya programu isiyokubali seva nyingine. Na ikiwa simu ilichomekwa moja kwa moja nyuma ya ruta ya zamani, basi adapta ilikuwa ndani ya ruta, nayo imerudishwa kwa wenyewe. Ni pale tu namba inapokuwa ya kampuni ya tatu, isiyohusiana na laini, ndipo inapokuwa na maana kuendelea na uchunguzi.

Baada ya hapo zitazamwe taa na nyaya. Vifaa vyote vizimwe, kisha viwashwe kwa utaratibu: kwanza kifaa kinachopokea laini, kisha ruta, na baada ya ruta kutulia kwa dakika chache, adapta. Taa ya mtandao ikiwaka na taa ya simu isiwake, adapta imefika kwenye ruta lakini haikujiandikisha. Zote mbili zisipowaka, au taa ya mtandao ikawa inapepesa bila kutulia, tazama kama adapta imepata anwani. Na hapa ipo njia nzuri ambayo wengi hawaijui, kwamba adapta nyingi husema kwa sauti. Katika adapta za Grandstream, ukiinua mkono wa simu na kubonyeza nyota tatu, kisha 02, utasomewa anwani yake. Katika zile za Linksys na Cisco zilizofuata nasaba yake, nyota nne kisha 110 na alama ya reli. Anwani ikisomwa kuwa ya 0.0.0.0, adapta haikupewa kitu. Ikisomwa, mathalani, 192.168.1.50, na ruta mpya hutoa anwani zinazoanza kwa 192.168.0, basi sababu imekwisha kupatikana: fundi wa zamani aliiandikia adapta anwani isiyobadilika, ya mtaa ambao haupo tena. Iwekwe ipokee anwani kwa kupewa na ruta, na mara nyingi simu hurudi papo hapo. Karibu na kosa hili lipo ndugu yake, la adapta iliyoandikiwa anwani za seva za majina za kampuni iliyoachwa. Seva hizo huwakataa wasio wateja wake, na adapta hubaki ikilijua jina la seva ya simu bila kujua iliko.

Nisipite bila kutoa hadhari moja juu ya nyaya za ukutani. Watu wengi hupenda kuichomeka adapta katika tundu la simu la ukutani ili simu za vyumba vyote zifanye kazi, na jambo hilo lawezekana. Lakini waya wa shaba wa zamani, hata baada ya huduma kukatwa, waweza kuwa bado umebeba umeme wa volti 50 hivi kutoka kituo cha simu, na umeme huo ukiingia katika tundu la simu la adapta waweza kuiharibu kabisa. Waya utokao nje utenganishwe kwanza na nyaya za ndani, na asiyejua kutenganisha amwite fundi.

Tukifika kwenye ruta tumefika kwenye shina la mambo, na hapa sitaona haya kukaa muda mrefu. Anwani za intaneti za toleo la nne, zilizopangwa mwaka 1981, ni bilioni 4 na kidogo, na watu walipoona kwamba hazitatosha walitenga katika miaka ya 1990 mafungu ya anwani za ndani, kama hizo za 192.168, ambazo kila nyumba duniani yaweza kuzitumia kwa sharti kwamba zisitoke nje. Ruta ndiyo inayobadilisha anwani ya ndani kuwa ya nje pakiti inapotoka, na kazi hiyo huitwa NAT. Mfano wake ni bawabu wa jumba kubwa: mtu wa ndani akitoka na barua, bawabu huandika katika daftari nani ametoka na anakwenda kwa nani, ili jibu likija alijue chumba cha kulipeleka, lakini mgeni ajaye bila kutanguliwa na maandishi hayo hurudishwa, na maandishi yenyewe hayakai milele, kwani bawabu huyafuta yasipotumika kwa muda.

Muda huo ndio chanzo cha dalili iliyo maarufu kuliko zote: simu ya kupiga hutoka vizuri saa yoyote, bali simu ya kupigiwa huingia dakika chache tu baada ya adapta kuwashwa, kisha wapigao huanza kuambiwa kwamba namba haipatikani, mpaka mwenye nyumba apige simu mwenyewe au azime na kuwasha, ndipo mambo yarudi kwa kitambo. Adapta nyingi hujiandikisha kwa seva kila baada ya saa moja. Ruta nyingi hufuta maandishi yasiyotumika baada ya nusu dakika au dakika chache. Kaida iliyochapishwa Januari 2007 ilisema kwamba maandishi ya namna hii yasifutwe kabla ya dakika 2 kutimia, na kwamba ni bora yakae dakika 5 au zaidi, lakini si kila mtengeneza ruta aliyeitii. Ruta ya zamani ilikuwa na subira, ya sasa haina. Hiyo ndiyo tofauti yote. Dawa yake ni kuiagiza adapta ipeleke pakiti ndogo tupu kwa seva kila sekunde 20 au 30, ili maandishi yasikauke, na katika kurasa za adapta agizo hilo huwa karibu na maneno yanayotaja NAT. Asiyeliona apunguze muda wa kujiandikisha uwe dakika 2 au 3, ijapokuwa baadhi ya kampuni za simu hazipendi kusumbuliwa kiasi hicho.

Dalili ya pili ni ya sauti ya upande mmoja, au ya simu isiyotaka kujiandikisha ingawa jina na nywila ni sahihi, au inayojiandikisha leo na kukataa kesho. Hapa mshukiwa wa kwanza ni kipengele cha ruta kiitwacho SIP ALG. Kiliwekwa kwa nia njema: wakati wa kutoka, maagizo ya SIP hubeba ndani ya matini yake anwani ya adapta, na anwani hiyo ikiwa ya ndani haina maana kwa seva iliyo nje, basi ruta ikapewa kazi ya kuifungua barua, kuisahihisha anwani, na kuifunga tena. Lakini seva za kampuni za simu za leo zimejifunza kuitambua adapta iliyo nyuma ya ruta bila kusaidiwa, na adapta nazo zimejifunza kuuliza anwani yake ya nje, hata masahihisho ya ruta yakawa ni masahihisho juu ya masahihisho, na barua ikafika imeharibika. Katika maoni yangu, kipengele hiki kingepasa kutoka kiwandani kikiwa kimezimwa, na kumwachia mtu wa kawaida kazi ya kukitafuta ni kumwonea. Kizimwe, ruta izimwe na kuwashwa, kisha adapta vivyo hivyo. Kwenye ruta ambazo kampuni imeuficha ukurasa wa kukizimia, yapo mambo mawili: ama kampuni iombwe ikizime kutoka kwao, ama adapta iache kutumia poti (yaani mlango wenye namba) 5060, ambayo ndiyo ruta huivizia, itumie poti nyingine ambayo kampuni ya simu inaikubali, na bora ya zote ni 5061 yenye usimbaji wa TLS, kwa kuwa barua iliyofungwa kwa usimbaji hapana lango liwezalo kuifungua.

Namba za wakati nazo ni shahidi mwaminifu. Simu ikikatika karibu na sekunde ya 32 kila mara, si bahati mbaya: katika kanuni za SIP, aliyepokea simu hungoja uthibitisho wa mpigaji, naye hurudia kutuma jibu lake kwa muda wa nusu sekunde iliyozidishwa mara 64, yaani sekunde 32 barabara, na uthibitisho usipofika huikata simu. Maana yake ni kwamba barua ya tatu ya makubaliano inapotea njiani, na mara nyingi mpotezaji ni SIP ALG au anwani ya ndani iliyoponyoka ikatoka nje. Simu ikikatika baada ya dakika 15 hivi, au baada ya 30, sababu ni nyingine: iko kanuni ya mwaka 2005 inayozitaka pande mbili zihakikishiane kwamba mazungumzo yangaliko, na muda unaopendekezwa ni sekunde 1,800, ambao huhuishwa ufikapo nusu yake; maandishi ya ruta yakiwa yamekwisha kufutwa wakati huo, uhakikisho haufiki. Ndiyo maana nawaomba watu waitazame saa kabla ya kusema kwamba simu inakatikakatika, kwa sababu neno hilo halimwambii fundi kitu, na namba ya sekunde humwambia karibu kila kitu.

Kisha kuna habari ya malango mawili. Kampuni mpya ilipoleta ruta yake, mtu akaibakiza na ile yake ya zamani nyuma yake, kila pakiti sasa hubadilishwa anwani mara mbili; hali hiyo huvumilika kwa kutazama picha, na huanza kuleta mashaka kwenye simu. Ruta moja ifanywe iwe daraja tupu, au adapta ichomekwe katika ile ya mbele. Lakini lango la pili laweza kuwa si la nyumbani kabisa. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya anwani za toleo la nne yaligawiwa mashirika matano ya kanda, AFRINIC ya Afrika ikiwa mojawapo, na tangu hapo kampuni nyingi, hasa za intaneti ya hewani, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kwa ajili hiyo lilitengwa Aprili 2012 fungu la anwani kama milioni 4, zinazoanzia 100.64 na kuishia 100.127, na hali hiyo huitwa CGNAT. Kuitambua ni rahisi: soma katika ruta anwani iliyopewa upande wa nje, ikiwa ndani ya fungu hilo, au ikiwa si sawa na ile ambayo tovuti za kupimia anwani zinakuonyesha, uko nyuma ya lango la kampuni. Hapa pana dhana potofu inayostahili kuondolewa, kwamba mtu aliye nyuma ya CGNAT hawezi kuwa na simu ya intaneti. Anaweza, maadamu adapta ndiyo inayoanza kwenda kwa seva na kuyahuisha maandishi yake mara kwa mara; lango la pili halina tofauti kubwa na la kwanza. Kinachokufa ni mpango wa kufungua poti kutoka nje, na waliokuwa wakitegemea mpango huo hushangaa kuona kwamba kila walichoandika katika ruta mpya hakina athari.

Na kwa kweli mpango huo haukuwa mzuri tangu mwanzo. Wapo mafundi wanaomfungulia mtu poti 5060 kwa dunia nzima, au wanaoiweka adapta mbele ya ulinzi wote wa ruta, kwa kuwa ni njia ya haraka ya kunyamazisha malalamiko. Katika intaneti kuna programu zinazozunguka mchana na usiku zikibisha hodi kwenye poti hiyo kila mahali, na adapta iliyo wazi huzijibu kwa kulia: simu saa nane za usiku, kutoka kwa namba kama 100 au 1000, na ukiinua hakuna mtu. Huo ni usumbufu tu. Hasara huja pale mwizi anapopata nywila, akapiga simu za mamia ya dakika kwa namba za ghali za nchi za mbali kwa gharama ya mwenye adapta. Poti zifungwe, na adapta iagizwe isipokee simu ila kutoka kwa seva yake.

Juu ya ubora wa sauti nitasema kwa ufupi. Mazungumzo ya G.711 yakijumlishwa na anwani na bahasha zake huhitaji kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho kurudi, ambacho ni kidogo mno kwa laini za leo. Basi sauti inayokatakata katika laini ya megabiti 50 haitokani na uchache wa nafasi bali na msongamano wa upande wa kupeleka, pale simu za mkononi zinapopakia picha na video. Ruta ikiwa na mpango wa kutanguliza pakiti za sauti, utumike. Isipokuwa nao, upakiaji uwekwe saa za usiku. Ucheleweshaji nao una mpaka: mapendekezo ya kimataifa yanasema mazungumzo huenda kwa raha ikiwa safari ya upande mmoja haizidi milisekunde 150. Wakazi wa Afrika Mashariki wanaokumbuka simu za satelaiti kabla ya waya wa SEACOM kufunguliwa Julai 2009 huko Mombasa na Dar es Salaam, watakumbuka jinsi wasemaji walivyokuwa wakigongana maneno, kwa sababu satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu huchukua peke yake karibu robo ya sekunde kwa kila neno. Satelaiti za sasa zinazopita chini, kiasi cha kilomita 550, hazina ila hiyo, ingawa zina tabia ya kuruka kidogo zinapopokezana, na ruko hilo husikika katika simu. Faksi ni mas'ala mengine: isipopita kwa kanuni ya T.38 pande zote mbili, huwa ni bahati nasibu, na asiyeihitaji asijitaabishe. Vitufe visivyosikilizwa na mashine ya benki hutengenezwa kwa kuiagiza adapta ipeleke milio ya vitufe kama pakiti za peke yake, nje ya sauti, kwa njia iitwayo RFC 2833.

Liko jambo moja ambalo si la starehe, nami naliweka hapa kwa moyo wangu wote. Waya wa shaba ulileta umeme wake wenyewe, na simu ya mezani iliendelea kufanya kazi nyumba nzima ilipokuwa gizani; adapta haifanyi hivyo, umeme ukikatika hunyamaza pamoja na ruta. Uingereza, ambako jamaa zetu wengi wanaishi na ambako mtandao wa zamani wa simu umepangiwa kuzimwa ifikapo tarehe 31 Januari 2027, wamo wazee ambao kitufe cha kuomba msaada shingoni mwao hutegemea laini hiyo. Msimamizi wa mawasiliano wa huko, Ofcom, huzitaka kampuni ziwape wanaotegemea simu ya mezani njia ya kufikia huduma za dharura kwa saa moja kwa uchache wakati wa kukatika umeme, lakini mteja aliyechukua namba yake kwa kampuni ya tatu na adapta aliyoinunua mwenyewe asitumainie kwamba betri italetwa mlangoni. Anunue betri ndogo ya kuhifadhi umeme, aunganishe ruta, kifaa cha laini na adapta vyote vitatu, kwa sababu kukihifadhi kimoja bila vingine hakusaidii. Kampuni inayosimamia kitufe cha mzee iarifiwe kabla ya laini kubadilishwa, si baada. Aidha anwani ya nyumba iliyoandikwa katika akaunti ya simu ithibitishwe, kwa kuwa mtu akipiga namba ya dharura kwa adapta, msaada huenda kwenye anwani ile iliyoandikwa. Marekani iliwalazimisha watoaji wa huduma hizi tangu mwaka 2005 wawaunganishe wateja wao na namba ya 911, lakini usahihi wa anwani hubaki mikononi mwa mteja. Na aliyehamia nchi za Ghuba aelewe kwamba katika Falme za Kiarabu huduma za sauti za intaneti zisizo na idhini huzuiwa, na hapo ubovu si wa adapta wala wa ruta, na haufai kutafutiwa dawa ndani ya nyumba.

Ikiwa baada ya haya yote simu bado haijapona, basi ni wakati wa kuzirudia kampuni mbili, lakini kwa namna nyingine. Kabla ya kupiga, fanya jaribio moja linalogawanya mambo: ichukue adapta kwa jirani au jamaa mwenye kampuni nyingine ya intaneti, uichomeke katika ruta yake. Ikifanya kazi kule, shauri ni la ruta au laini yako mpya, na kampuni ya simu haina la kujibu; isipofanya, shauri ni la akaunti au mipango ya adapta, na kampuni ya intaneti iachwe kwa amani. Kisha andika tarehe na saa ya simu moja iliyoharibika, namba iliyopiga na iliyopigiwa, sekunde iliyokatikia, na hali ya kujiandikisha iliyoonekana katika ukurasa wa adapta wakati huo. Kampuni ya simu ina kumbukumbu za kila agizo lililofika kwenye seva yake, na mtumishi akipewa saa kamili aweza kuitazama simu ile moja na kuona kama agizo la adapta yako lilifika, kama lilifika na anwani ya ndani, au kama halikufika kabisa. Asiyetaka kuitazama na aombwe akuunganishe na mwenzake wa daraja la juu, kwa upole na bila kukata tamaa, mpaka apatikane wa kuzifungua kumbukumbu hizo.